Imeili ya Kata Nzima

Shemeji yangu Tereza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Chole, Kisarawe, na bila kuajiriwa na mtu alikuwa pia posta ya kata. Ilianza kwa wema. Kijana mmoja alikuwa anajaza fomu ya chuo kwenye simu, fomu ikagoma mpaka aandike barua pepe, naye hana. "Weka ya kwangu," Tereza akamwambia.

Basi. Haukupita muda, kata nzima ina barua pepe moja. Anayeomba chuo, anayeomba kazi, aliyenunua simu mpya: weka ya mwalimu. Na vyeti vyao wakavipiga picha, wakamtumia awachapishie shuleni. Picha zenyewe nzito, kidole cha mpiga picha kimo.

Mumewe ni kaka yangu Onesmo, karani Kibaha, aliyejenga huko huko, mtaa wa Picha ya Ndege. Nyumba ina vyumba vitatu, na waliokuwa wakilala humo ni yeye na mimi niliyeacha diploma ya kompyuta katikati, tukila maharage mpaka maharage yakatuzoea. Tereza alikuja kila wikiendi, akapika, akafua, akaondoka. Uhamisho aliomba mpaka akachoka kuomba.

Ndipo akapatikana Mwalimu Tito, anayefundisha Kibaha na mama yake mgonjwa yuko kijijini Msimbu, Kisarawe. Alitaka wabadilishane vituo. Mtu wa kuhama Kibaha kwenda Kisarawe kwa hiari yake humpati mara mbili. Kila mmoja alitakiwa kuthibitisha kwa linki inayotumwa kwa barua pepe, mwisho Ijumaa. Ya Tito ikaingia. Ya Tereza ikagonga mwamba: sanduku limejaa.

"Leta simu," nikamwambia Jumapili, sebuleni. "Chagua zote, futa, tule."

"Thubutu! Hizi si zangu. Ni amana za watu."

"Amana? Hili hapa duka la viatu linamtakia Hashiru heri ya kuzaliwa."

"Hiyo futa."

"Na hii? Kondo amekosa chuo, enzi hizo hata ndevu hana."

"Labda ataitaka."

"Ya nini? Alie upya?"

Onesmo, ambaye akiongea sana ni kusema chumvi haitoshi, akaweka kijiko chini. "Tereza, mimi nimechoka kuwa mume wa Jumamosi."

Tereza akaichukua simu yake mkononi mwangu. "Nitawauliza wenyewe," akasema.

Jumatatu akarekodi sauti kwenye grupu la wazazi: aliyewahi kutumia imeili yake aje achukue chake, Alhamisi jioni anafuta. Majibu akanitumia, nami nikacheka peke yangu kama mgonjwa.

Kondo: "Mwalimu, ile ya chuo futa leo leo. Mke wangu anajua nilikataa mwenyewe."

Hashiru: "Kumbe mimi nina imeili?"

Waliobaki wote: futa tu, Mwalimu. Nikamwandikia, "Si nilisema?"

Alhamisi jioni akapiga simu, sauti ya juu. "Bwana Futa-Zote, uko na kaka yako?"

"Tupo, nimeweka spika."

"Basi msikilize mgeni wangu."

Mgeni ni Sada, aliyekuja kwa miguu kutoka mashambani, bado anahema. "Kaka, cheti changu cha kuzaliwa kimo humo humo. Chenyewe nilikiweka kwenye sanduku la nguo, mchwa wakala nguo, wakala na cheti. Nataka kukifuatilia kingine, nina hiyo picha tu."

"Umesikia?" Tereza akauliza.

"Nimesikia, shemeji. Yaishe."

Akamfungulia Sada barua pepe yake mwenyewe, akakipakua cheti, akakihifadhi huko, Sada akakiona kwa macho yake. Ndipo Tereza akaanza kufuta. Akafuta, akafuta. "Mbona bado inasema imejaa?"

"Zimekaa kwenye pipa. Limwage pipa."

"Nikimwaga hazirudi?"

"Hazirudi."

Onesmo alikuwa anajifanya anapiga pasi shati, na pasi imetulia pale pale kwenye kola. Kisha tukamsikia Sada: "Mwaga, Mwalimu. Mimi changu ninacho."

Akamwaga. Nikamwambia arudi kwenye ule mfumo, abonyeze "tuma tena". Akabonyeza. Tukangoja. Kola ikaanza kutoa moshi.

"Imeingia!"

"Bonyeza!" tukapiga kelele wote wawili.

"Nimebonyeza. Inasema... inasema nimethibitisha." Halafu akacheka kile kicheko chake kikubwa cha wikiendi, ila hii ilikuwa Alhamisi. Onesmo akakaa juu ya kitanda na shati lake lililoungua, akalikumbatia kama mtoto.

Barua za uhamisho zilitoka, Tito akaenda kwa mama yake, Tereza akaja na masufuria yake. Wiki ya kwanza tu, Mama Blessing, jirani, akabisha hodi na simu mkononi. "Mwalimu, samahani, fomu hii inang'ang'ania imeili, nikasikia wewe unayo..."

Onesmo akapaliwa na chai.

"Ninayo," Tereza akasema, akamvutia kigoda. "Kaa hapa, mama, tufungue ya kwako."