Inashuka

Fundi alitumbukiza sonde ya gari langu, kichuma kinachopima joto la injini, katika sufuria ya maji ya moto, akaiunganisha na nyaya za testeri, kifaa cha kupimia umeme. Harufu tamu ya maji ya radiateri ikanipanda puani. "Iko inashuka, mama," alisema. "Sonde iko muzima." Nikatoka nje kama mtu aliyepigiwa simu.

Tata, baba yangu, alikuwa fundi wa magari kule Dilala. Nyumbani hatukuwa na kipimajoto, basi siku niliyopata homa aliniwekea kwapani sonde kama ile, ikinuka vilevile. Aliitazama testeri, akanibeba mbio hadi zahanati.

Benchi lilikuwa limejaa. "Homa iko namna gani?" muuguzi aliuliza.

"Iko inashuka, mama. Iko inashuka sana."

"Basi mungoje."

Kwa sonde, joto likipanda, namba kwenye testeri hushuka. Tata alidhani kila mtu anajua. Tukangoja mpaka nikaanza kutetemeka, ndipo muuguzi akanigusa paji la uso.

"Mutoto anaungua, tata. Ulimupima na nini?"

Akaitoa sonde mfukoni, nyaya zikining'inia. Benchi zima likacheka. Tata naye akajaribu kucheka, huku akiifuta kwa upindo wa shati, kana kwamba tatizo lilikuwa uchafu.

Mi nikajisogeza taratibu, nikaegemea bega la mama mmoja nisiyemjua, ili waliokuwa wakiingia wadhani nilikuja naye.