Lineti ya mwanaume mwingine pa pua ya bibi yangu

Admin, ficha jina langu vizuri, na ukiweza ficha hata kikohozi, ju huku Cimpunda batu banakijua. Niko muzee wa miaka makumi saba na moya. Masomo yangu iliishia mwaka ya tano primeri, siku mwalimu na miye tulichokana. Niko na bibi mumoja, Maman Furaha, mushonaji wa bikwembe. Wivu sijawahi kuwa nayo... uongo, nilikuwaka nayo, lakini ya kadiri. Hii ya sasa imenipita kimo.

Muniskilize. Macho ya Maman Furaha ilichoka zamani kwa vitu vya karibu. Kushona anashona, mukono yake inajua njia yenyewe. Lakini kupitisha uzi mu tundu ya sindano, pale anaitaka miye. Na miye sifanyi bure. Naketi mbele ya mashine, nakunja mikono, namuambia: "Sifa kwanza." Anacheka, anasema: "Simba ya Cimpunda, kuya uniwekee uzi." Njo ninaweka. Kuko banaume bananunuliaka bibi yabo viatu. Miye niliwekaka uzi, na alinipenda vile vile.

Sasa siri yenye sijamuambia mutu: hata macho yangu imekwisha. Mbali naona sana, nitakuambia mbuzi ya nani inapanda mulima ule kule. Karibu ni ukungu mutupu. Uzi nilikuwa napitisha kwa mate na bahati. Nikikosa, namuchekesha kwanza, asione ninakawia.

Basi akatokea Papa Déo. Siyo jina yake, lakini inamufaa. Mujane, shati imepigwa pasi kila siku (naomba kujua nani anaipiga), anaimbaka sauti ya chini mu korali. Korali ilimupatia Maman Furaha kazi ya kushona nguo zabo za sikukuu ya parokia. Déo akakuja kupimwa, akamuona bibi yangu anatafuta tundu ya sindano. Na miye niko nimeketi pale pale na kikombe yangu ya chai! Mutu akatoa lineti, miwani yake ya kusomea, pa pua yake, akaivalisha bibi yangu na mikono yake mwenyewe, mupaka nyuma ya masikio.

"Jaribu hii, Maman."

Uzi ikapita mara moya. Bibi yangu akapiga kelele kama mutoto: "Yesu wangu! Papa Déo, ni kama uliinunua ju yangu!"

"Baki nayo mupaka fete ya parokia," Déo akasema. "Miye nyimbo niko nazo mu kichwa."

Atakosaje kuwa nazo? Sauti yake ni mmm na amina. Nani anasomaka mmm?

Tangu siku ile, simba alikufa. Anaweka uzi mwenyewe, tena akiimba nyimbo za Déo. Halafu ananiangalia usoni, ananiambia: "Papa Furaha, kumbe uko na nywele mingi hivi mu pua?" Miaka yote hakuziona. Mutu wa korali njo ameniletea nywele mu pua.

Leo, kiisha bugali, Maman Furaha akasinzia pa kiti, lineti iko juu ya mashine. Nikaichukua. Haki ya Mungu, nilitaka tu kuona kitu gani Déo ameweka mule ndani. Nikaivaa, nikainamia sura ya bibi yangu. Banangu... Kuko kakovu kadogo juu ya nyusi, kenye niliachaka kuona sijui tangu lini. Kuko mistari ya kucheka huku na huku ya mudomo. Pa kidevu kuko ndevu mbili nyeupe, nikazipenda. Kumbe nilikuwa naangalia sura ya kukumbuka! Na Déo, na lineti hii hii, alikuwa anaangaliaka ile ya kweli, kila siku ya Mungu, bibi yangu akipita karibu yake mbele ya altare, bila haya. Wivu ikanipanda mupaka meno ikauma, na meno yenyewe imebaki tatu.

Pale pale akajigeuza. Nikakimbia. Niko mu kabine, choo yetu ya inje, lineti pa pua, njo maana munaona nimeandika bila makosa. Na sasa hivi Maman Furaha anaita pa mulango:

"Simba ya Cimpunda! Lineti ya batu imepotea, na Papa Déo anafika kujaribu nguo yake. Toka uniwekee uzi!"

Simba! Ameniita simba, neno nililolingojea hizi siku zote. Lakini nikitoka nayo pa pua, niko mwizi, tena kipofu, na atajua ile michezo yangu ya sindano ilikuwa bahati tu. Nikitoka bila yayo, tundu sitaiona, na Déo atasimama pale na shati yake ya pasi, anahesabu mara ngapi ninakosa. Tena atasema: "Muachie tu, Maman, nitakuwekea miye."

Anagonga tena. Nishaurini, banangu, nifanye nini? Na muandike herufi kubwa kubwa, ju kama nikirudisha hii lineti, majibu yenu sitayasoma.