Simu Iliyofungua Kompyuta ya Mama Furaha

Siku moja naikumbuka kuliko nyingi, mwanangu. Ilinikuta nyuma ya kaunta ya duka la simu pale Pinetown, huku ugenini, shati limenyooshwa, kichwa kimejaa upepo. Nilikuwa kijana, sina hata mwaka tangu nitoke Bukavu, na wateja waliniita "fundi". Jina lile lilinilevya. Fundi wa nini? Nilijua kubadilisha betri na kioo, basi.

Akaingia Mama Furaha. Kwetu Kongo alikuwa mwalimu. Hapa alisuka nywele kwenye saluni ya mtaa wa pili. Kwapani alikuwa na kompyuta kuukuu aliyopewa na mteja wake wa Morningside. Shule moja ndogo ya Queensburgh ilikuwa ikitafuta mwalimu wa Kifaransa, na fomu ilitakiwa ijazwe kwenye intaneti kabla ya saa kumi na moja jioni ile ile. Intaneti kafe ya jirani ilikuwa imefungwa.

"Petit," akaniita, maana ndivyo wakubwa wetu wanavyowaita vijana, "hii telefone yangu iko na intaneti. Inaweza kuipatia kompyuta?"

Siku hizo haikuwa kama leo, wewe unagusa kioo mara moja na kompyuta inapata mtandao wa simu yako. Mimi jambo hilo sikuwa nimeliona kwa macho. Ningesema hivyo, yangeisha. Badala yake nikakohoa, nikaigeuza simu mkononi kama daktari.

"Haiwezekani, Mama. Hii iko ya kupigia tu."

Mficha uchi hazai, mwanangu. Nami nilikuwa nauficha ujinga wangu.

Mama Furaha hakuondoka. Aliketi kwenye benchi, akatoa mkobani kile kijitabu kinachokuja na simu mpya. Nikacheka moyoni: nani husoma kile? Akazipita kurasa za Kiingereza, akafika za Kifaransa, akasoma kwa kidole, midomo ikicheza, kama mwalimu anayeandaa somo. Aliniomba waya tu. Akaunganisha, kompyuta ikakataa. Akarudi kwenye ukurasa. Ikakataa tena. Saa kumi ikapita. Akasogeza benchi hadi mlangoni, mtandao unakoshika vizuri, akajaribu mara ya tatu. Ukurasa wa ile shule ukaanza kufunguka, mstari kwa mstari.

"Eish!" nikapiga kelele.

Yeye hakupiga kelele. Alijaza fomu. Mtandao ukakatika mara mbili, na mara mbili akaanza upya. Jibu lilipokuja kwamba fomu imepokelewa, alijifuta uso kwa pindo la kitenge. Hapo ndipo nilipoelewa ni kitu gani neno langu moja lingemnyang'anya.

Akaniita nikae karibu. "Petit, 'sijui' haiue mtu. Ungesema hujui, tungetafuta sisi wawili. Lakini ulisema haiwezekani, na mimi kidogo tu niamini, nirudie ku saluni."

"Pardon, Mama," nikasema. "Nionyeshe."

Akanionyesha, ukurasa kwa ukurasa, na hakuinuka mpaka nilipounganisha na kuchomoa peke yangu. Kazi aliipata, akafundisha pale hadi nywele zikawa nyeupe. Na mimi, wanafunzi na wachungaji wangapi nimewaunganishia kompyuta kwa somo lile la bure!

Basi sikia, mwanangu. Usilofahamu, liulize, kuuliza si ujinga. Usimfungie mwenzako njia kwa sababu wewe hujaipita. Na ukimwona mtu anahangaika na chombo asichokijua, usimcheke. Keti naye, msome pamoja.

Mungu aulainishe ulimi wako usione haya kuuliza, aibariki kazi ya mikono yako, na yeyote ajaye kwako na shida yake aondoke ana tumaini. Amina.