Mawe Yangu ya Mwakiro

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Gitega, nilifika na viatu vilivyong'arishwa. Shefu wa shantie, yaani msimamizi wa kazi yetu ya barabara, alivitazama akacheka, akanipa nyundo na patasi nichonge mawe hadi jioni. Nilirudi nyumbani mikono imevimba, mama akanikanda kwa maji ya chumvi. Ndivyo nilivyoingia uashi.

Tulijenga makaravati, yale madaraja madogo yanayopitisha maji chini ya barabara. Nilianzia Nyarusange, nikapelekwa Mutaho, na vita vilipopamba moto nilikuwa Muyinga, karibu na Mwakiro, chini ya shefu yule yule. Asubuhi moja tuliikuta shantie imejaa maiti. Askari wa pande mbili walikuwa wamepigania karavati letu usiku, kisha pande zote mbili zikaondoka. Si askari tu, walikuwamo na wakulima waliokuwa wakikimbia. Tulingoja, hakuna aliyekuja kuwachukua. Shefu akatuamuru tuache saruji, tuchimbe makaburi kwa safu, hatua arobaini kupanda kilima kutoka kwenye karavati. Wengine walinung'unika kwamba hiyo si kazi yetu.

"Muwapange sawasawa," akasema. "Kila mutu jiwe yake. Siku moja wenyewe watakuja kuwatafuta."

Mawe niliyachonga mimi. Majina hatukuyajua, basi kila jiwe nililipiga mstari mmoja wa patasi, ili mtu asidhani ni jiwe la njiani. Shefu alifia kitandani miaka mingi baadaye, na hadi mwisho alikuwa akiniuliza kama kuna aliyekwenda kuwatafuta.

Mwaka huu nikasikia wamejenga mnara wa kumbukumbu pale. Nikapanda basi na kanzu safi, nimefurahi kweli. Mlinzi wa mnara, mtu mzima mwenye heshima, akanionyesha msingi wake kwa fahari. Mawe mazuri, alisema, waliyapata hapo hapo kilimani, bure. Nikainama. Jiwe baada ya jiwe, mstari wangu wa patasi. Hasira ilinipanda hadi masikio yakavuma. Wamewang'olea wafu alama zao ili wapate pa kuweka maua! Hata fundi anayejifunza huuliza jiwe limetoka wapi.

Nikapanda hatua arobaini kutoka kwenye karavati, ambalo bado limesimama. Pale pale kwenye safu ya kwanza, mafundi wawili walikuwa wanachimba shimo, limewafika magotini. Msimamizi wao akaniambia kwa upole:

"Mzee, hapa iko choo ya wageni. Sherehe iko karibu."

Nikawaeleza yote. Mafundi wakatoka shimoni, wakaweka majembe chini. Msimamizi akasema amri imetoka juu, hawezi kusimamisha kazi bila karatasi. Karatasi! Nikateremka shimoni na kanzu yangu, nikaketi. Akaniomba nitoke. Akapiga simu, akarudi, akaniomba tena, akisema ninamchelewesha.

"Mi nilishastaafu, mwanangu," nikamwambia. "Wakati iko mingi."