Uji ku Ncha ya Fimbo

Bandugu, musogee, munisikie! Ile vita, bwana yangu alikuwa askari ku pori ya Manguredjipa. Bakamunyunyizia dawa ya kuzuia masasi ya bunduki: mwanamuke akimugusa, dawa inakufa. Mais lakini kuhara ikamushika. Nikatembea toka Butembo mupaka magoti yangu ikanitangulia. Nikamukuta amekonda, nzi moja ikitua juu yake, yeye anaanguka. Chef, mukubwa ya baaskari, akanizuia: «Mama, hapana kumugusa!»

Donc basi nikafunga kijiko ku fimbo murefu kama barabara ya Beni, nikamulisha uji kwa mbali. Uji yote ikamwangika ku shingo. Pembeni yake benzake babili balikuwa bamekwisha kufa. Bwana yangu akaona atabafuata, akalia:

«Chef, wacha bibi yangu anishike! Masasi hapana inatuua hapa, ni kuhara!»