Faili la Yunisi

Siku ile, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu ya gundi ya masjala. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, karani wa kupanga mafaili katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma. Mdogo wangu Yunisi tulikuwa tumemzika kijijini wiki mbili kabla ya siku hiyo. Nilirudi kazini siku ya nne tu baada ya mazishi. Nikawa nacheka kuliko wote, napiga soga na wahudumu, watu wakanisifu: "Huyu dada amejikaza kweli!" Nami kwa ujinga wangu nikavimba kichwa.

Asubuhi hiyo nilitakiwa kuandika dokezo, yale maneno machache yanayowekwa ndani ya faili kumweleza mkubwa barua inahusu nini. Mkono ukaandika ya kwake: "Yunisi alinisubiri Jumamosi, sikwenda." Wala sikuona. Nikafunga faili, likapanda juu kwa mkubwa.

Lilirudi saa sita. Chini ya maneno yangu mkubwa alikuwa ameandika kama alivyozoea, "Nimeona," akatia sahihi. Cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka. Siku ile nilijua kazi imeota mbawa.

Msimamizi wetu, Mama Chilongani, akaniita na kufunga mlango. Alikuwa mkali huyo! Akikohoa tu, masjala nzima kimya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Binti, barua ikija haina faili lake, hapa tunafanyaje?"

"Tunaifungulia faili, mama."

"Sasa hii yako umeiacha inazurura mpaka imeingia kwenye faili la mabomba ya maji. Kesho itaingia wapi?"

Akatoa jalada jipya kabatini, akaandika juu yake YUNISI kwa kalamu nene, akanikabidhi. Kisha akavuta droo yake akanionyesha la kwake, nene, limefungwa kwa kamba, lina jina la mtoto wake wa kwanza. Miaka yote ile sikujua kwamba alifiwa. Nilikuwa namwogopa; tangu saa ile nilimpenda, na mpaka leo sijaona mtu jasiri kumzidi.

Jioni, chumbani kwangu Chang'ombe ya hapahapa Dodoma, nililifungua jalada lile, nikaandika tarehe tu. Kesho yake mstari mmoja. Siku ya tatu nikaandika kwamba Yunisi alikuwa anaumwa, aliniita, nami nikaenda sokoni kutafuta viatu. Nililia mpaka mama mwenye nyumba akagonga mlango. Kumbe kilichokuwa kinanikaba hakikuwa huzuni peke yake. Nilikuwa najilaumu, na sikuwahi kujiambia hivyo hata mwenyewe. Kuanzia hapo nikaweza kumwomba radhi, ukurasa baada ya ukurasa, na taratibu nikaanza kula na kulala.

Basi mwanangu, ukielemewa, usijifanye mzima. Chukua daftari, weka tarehe, kisha andika lile hasa unaloona aibu kulisema. Usipambe maneno, hakuna mwalimu atakayesahihisha. Na ukiona umeandika siku nyingi lakini moyo bado mzito, mfuate mtu mzima unayemwamini, umsomee.

Mungu akupe ujasiri wa kujiambia kweli, akupe machozi yanayokwisha, na wale uliowapoteza uje kuwataja ukiwa unatabasamu.