Kimya Katika Kipindi cha Hesabu

Jumatatu ya kwanza ya Februari, mwaka 1973, niliripoti katika kitengo cha vifaa vya kufundishia mjini Kampala, kuchukua nafasi ya fundi wa kurekodi ambaye hakuwapo tena nchini. Alikuwa Mhindi, mzaliwa wa Kampala, na aliondoka pamoja na wenzake mwaka uliotangulia. Hakuna aliyebaki aliyejua kuendesha kinasa sauti chake. Mimi nilikuwa nimesoma hadi darasa la nane, na nilichojua ni kutengeneza redio za majirani katika kambi ya polisi nilikokulia. Baba alikuwa koplo kutoka West Nile. Pale kambini watu walitoka kila upande wa nchi, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotulea.

Mkuu wa Kitengo alinipokea mwenyewe. Alikuwa Muganda mrefu, na nje ya ofisi watu walimwita Ssalongo, jina la heshima la mwanaume aliyejaliwa mapacha. Aliniwekea bisibisi mezani, kando ya kinasa sauti.

"Unaweza kukifungua hiki?"

"Naweza, mzee."

"Na kukifunga?"

"Hapo sijui bado."

"Basi fungua, ssebo. Hata aliyekutangulia alianzia hapo."

Kazi ya kitengo ilikuwa kuwasaidia walimu wenye wazo jipya. Siku hizi vijana wananiambia kwamba mtu mwenye wazo huandika maombi, kisha hungoja fedha. Sisi hatukuwa na fedha za kugawa. Tulitoa mbao, waya, saa za studio, na mawe ya redio, yaani betri, ambayo Waganda huyaita makaa. Miaka ile mawe yalikuwa adimu, na walimu waliyaanika juani ili yapate nguvu ya siku moja zaidi. Mwalimu alikuja na wazo lake, tukamtengenezea kifaa cha kwanza, akakijaribu mbele ya watoto wake huku kamati ya kitengo imeketi nyuma kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu.

Mkuu hakuamua siku hiyo. Baada ya wiki alirudi shuleni peke yake na kuwauliza watoto walichokumbuka. Aliita safari hiyo kuonja kiporo. Chakula cha moto, alisema, kila mtu hukisifu.

Nakumbuka mwalimu mmoja aliyeunda mashine ya picha kwa kopo la maziwa na kioo cha miwani. Ukutani alitokea tembo, watoto wakapiga kelele za furaha, na kamati nayo ikapiga. Mkuu alipokwenda kuonja kiporo, watoto wote walimkumbuka tembo. Hakuna aliyekumbuka tembo alikuwa anafundisha nini. Mkuu hakumkemea mwalimu. Alimpa karatasi nyingine za nailoni za kuchorea picha akamwambia, "Jaribu tena. Safari hii tembo afanye kazi."

Mwaka wa pili alikuja Mwalimu Abalo, mwanamke Mwacholi aliyefundisha watoto wa askari huko Ntinda. Alikuwa na malalamiko kuhusu vipindi vya shule vya redio.

"Redio yenu inasema kama mtu anayekimbia mvua," alimwambia Mkuu. "Inauliza, inajijibu, inajisifu. Mtoto wangu wa dawati la nyuma bado anakunja vidole akihesabu."

"Unataka nini, mwalimu?"

"Nataka iulize halafu inyamaze. Imngoje yule wa nyuma."

"Imngoje kiasi gani?"

"Hilo ndilo silijui. Nisaidieni tulijue."

Sijapata kufanya kazi tamu kuliko ile. Tulikwenda darasani kwake na kinasa sauti kidogo. Yeye akauliza, mimi nikarekodi, kisha studioni tukasikiliza jinsi majibu yalivyofika: kwanza wale hodari wa mbele, kisha kundi kubwa la katikati, na mwisho sauti moja moja, zenye woga, kutoka nyuma. Abalo alifumba macho akingoja hizo za mwisho. "Huyo ni Opio," alisema. "Umesikia? Amejibu. Darasani sikumsikia hata siku moja." Alinigusa bega kama mtu aliyeonyeshwa njia.

Kimya tulikitengeneza kwa wembe. Unakata kanda baada ya swali, unaunga kipande cha kanda tupu, unaendelea. Tungeweza kutumia kipande chenye mvumo wa chumba, lakini Abalo alitaka pasiwe na sauti yoyote ya kumshughulisha mtoto. Mkuu aliisikiliza kanda nzima akijibu maswali kwa sauti, akaidhinisha. Kipindi kingejaribiwa redioni asubuhi moja, kwa shule chache tulizozipa mawe. Kama kiporo kingekuwa kizuri, Abalo angepewa studio kwa muhula mzima.

Sote watatu tuliishi Kampala. Sote tulijua kwamba katika miaka ile redio ikinyamaza ghafla, watu hukusanya watoto na kufunga milango, kwa sababu huenda serikali imepinduliwa. Hata hivyo hakuna kati yetu aliyekumbuka. Tulikuwa tunamfikiria Opio.

Asubuhi ile Abalo aliuliza saba mara nane ni ngapi, na redio ikanyamaza. Ikauliza tena, ikanyamaza tena. Watu waliokuwa na shughuli zao hawakusikia swali, walisikia kimya. Baadaye binamu yangu mwenye duka Kansanga aliniambia kwamba yeye na majirani walishusha milango, na wanywaji wa baa ya jirani waliondoka wakiacha chupa mezani.

Kipindi kilikuwa hakijapoa gari la jeshi lilipoingia uani. Afisa alisimama mlangoni pa studio na askari wawili.

"Nani nafunga redio?"

"Hakuna aliyefunga, Afande," nilisema. "Mwalimu anangoja watoto wajibu."

"Watoto wapi? Mimi nasikiliza, hapana watoto."

Mkuu aliniambia niweke kanda. Sauti ya Abalo ikauliza saba mara nane. Afisa akasikiliza kile kimya, midomo yake ikitikisika.

"Hamsini na sita," mmoja wa askari alisema polepole.

"Nyamaza, wewe." Afisa alimgeukia Mkuu. "Nani nasema redio inyamaze?"

Abalo, aliyekuja kukisikiliza kipindi pamoja nasi, alikuwa amesimama karibu nami. Nilimwona akifungua mdomo.

"Mimi," Mkuu alisema. "Kitengo ni changu. Hawa wanafanya ninachowaambia."

"Basi twende, mzee. Utaeleza mbele."

Alivaa koti lake akatoka nao. Hakurudi. Nnalongo, mke wake, alikwenda kila mahali ambapo mtu angeweza kwenda, mpaka chumba cha maiti cha hospitali ya Mulago, na hakuambiwa neno.

Tuliletewa Kaimu Mkuu, kapteni, ambaye hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kama sisi. Safari ya kuonja kiporo ilipofika, Abalo alimwomba ruhusa akaenda nami. Opio alituambia saba mara nane bila kukunja vidole.

"Kipindi kiendelee," Kapteni alisema, "lakini redio isinyamaze hata kidogo."

Abalo alirudi na mpiga ngoma. Kila palipokuwa na kanda tupu tukaunga ngoma nyororo, yenye urefu uleule. Kipindi kilirushwa hivyo kwa miaka, na watoto wakajifunza kujibu ngoma ikiendelea. Wengi wakadhani ndivyo ilivyokusudiwa.

Nilikaa katika kitengo hicho chini ya wakuu wengine wengi, nikastaafu nikiwa fundi mkuu. Vijana huniuliza wazo jipya linahitaji nini ili likue. Najua linahitaji vifaa, na mtu wa kulingoja. Zaidi ya hapo sijui, na sitaki kudanganya.

Wiki niliyostaafu nilinakili kipindi kimoja kwenye kaseti nikampelekea Nnalongo. Hakuwahi kukisikia; tangu siku ile hakuwasha redio nyumbani kwake. Alinikaribisha, akakaa karibu na mashine ya kaseti. Abalo akauliza, ngoma ikaanza.

"Hii ngoma ya nini?"

"Hapo ndipo palipokuwa na kimya, Nnalongo. Mzee aliidhinisha kimya, si ngoma."

Swali lililofuata lilikuwa sita mara tisa. Ngoma ilipoanza Nnalongo aliishusha sauti mpaka ikaisha kabisa, akauacha mkono wake pale kwenye kitufe. Tulikaa. Alipoipandisha tena, mwalimu alikuwa ameshafika kwenye swali jingine.